Filamu Yetu ya Stesheni

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Na uzime pasi kabla hujatoka, si kama jana!

Kuhusu kununua tena filamu zetu kwenye diski za mfumo mpya: ~~usinunue hata moja~~ nunua zote, isipokuwa ile ya stesheni. Asubuhi ulipokuwa unaoga, mdogo wangu alileta diski yake mpya ya filamu hiyo na mashine yake, tukaijaribu. Kipya kinyemi, sikatai: picha inang'aa, unaona hata vifungo vya koti. Lakini pale treni inapoondoka, pale yetu inapokwama kila mara nawe unaruka kutoka kwenye kochi kumalizia maneno ya yule bwana, hii haikukwama. Watoto walishageuka kukutazama, kochi tupu!

Na unajua yule bwana anamwambia nini mkewe? "Safari njema." Basi! Kumbe miaka yote nalizwa na maneno yako, mwongo mkubwa wewe: "Shuka, mke wangu, chai yako bado haijapoa."

Ile kuukuu ipanguse vumbi kwa kitambaa laini. Lakini usiisugue sana, isije ikapona.

Mama watoto