Mpira Ukiingia Wavuni

Papa,

Nimepata nafasi ya sita, ile ya mwisho kwenye timu ya tenisi ya shule. Nilitaka ulijue hilo kabla ya mambo mengine.

Uwanja uko vilevile. Upepo wa Agosti bado unatuletea vumbi la manjano kutoka vilima vya migodi, na kwa kuwa mvua imekuwa haba haturuhusiwi kuuosha kwa maji. Jumamosi tunaufagia kwanza ndipo tunacheza. Ufagio wako, ule uliokuwa ukiufagilia uwanja, ninao mimi. Cherehani yako iko palepale dirishani, kwetu Troyeville, na Mama ameifunika kwa kitambaa cha suti ambayo hukuimaliza.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja kunitazama, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni? Nilipiga mpira ukanasa wavuni, nawe ukarukaruka kule nje ya uzio ukipiga kelele: "Buti! Mutoto yangu ametia buti!" Kwenu Lubumbashi ulijua mpira wa miguu tu, na mpira ukiingia wavuni ni buti, ni goli. Njiani nikakueleza kwamba kwenye tenisi hilo ni kosa. Ulinisikiliza kwa makini, kama ulivyokuwa ukimsikiliza mteja msumbufu. Jumamosi iliyofuata ukapiga kelele zilezile.

"Sheria nimejua," ulisema, "lakini wavu ni wavu. Mi siwezi kunyamaza."

Wenzangu walicheka. Nikakuomba unyamaze, Papa. Nilisema kwa adabu, lakini nilisema mbele yao. Tangu siku hiyo ulikuwa ukija ukashika uzio kwa mikono miwili, kimya, mpaka ulipougua ukatutoka. Hilo... hilo limenikaa moyoni.

Juzi nilicheza na Naledi wa darasani kwetu, tukiigombea nafasi hiyo ya sita. Tulikuwa gemu tano kwa tano, mkono wangu ukawa mgumu kama ubao. Nikapiga wavuni. Halafu sauti nyuma ya uzio: "Buti! Mutoto yetu ametia buti!"

Alikuwa Mama. Mama, ambaye Jumamosi huwa saluni akisuka nywele za watu, na hakuwahi kufika uwanjani hata mara moja! Sijui ulimsimulia lini.

"Eish, mama yako hajui sheria," Naledi alisema.

"Anazijua," nikamjibu, na nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mkono ukalegea. Gemu mbili zilizobaki nilizishinda.

Wiki ijayo tunacheza na shule moja ya Randburg. Mama ameshaomba ruhusa kazini. Nakuahidi sitamnyamazisha tena mtu anayenishangilia. Nitajitahidi kuuvusha kila mpira, lakini ukinasa wavuni, nitajua huo ni wako.

Pumzika sasa, Papa. Uwanja nitaufagia mimi.

Mutoto yako,
Neema