Mkono wa Judith

Zanesville, Ohio
3 Februari 1976

Mwanangu Corinne,

Hujambo huko New York? Huku theluji imefika dirishani. Nyonga yangu inaunga polepole. Daktari kanipa fimbo, nami nimemwambia fimbo ni ya kufukuzia mbwa. Nyumba ya marehemu baba yako bado inavuja palepale juu ya jiko. Nimetega sufuria.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Jana nilikuwa saluni kwa Wilma, akanisomea kwenye gazeti la umbeya kwamba Judith Carrow anaondoka Bellmont, ule mji wa kipindi chetu cha televisheni. Judith, Corinne! Nimemcheza tangu wewe unavaa soksi za shule. Nimeolewa mara nne, nimeshtakiwa kwa mauaji nisiyoyafanya, nimepofuka nikaona tena, halafu habari za kuondoka kwangu nazisikia nikiwa na vibanio kichwani! Na mwandishi mkuu ni wewe, niliyekushika mkono nikakuingiza studio hujui hata kupiga chapa. Ungekosa mistari miwili ya kuniambia?

Haya, sigombi. Najua nilikuwa nimeanza kusahau maneno. Najua yule kijana wa studio alikuwa akininyanyulia mabango ya maneno yangu yenye maandishi makubwa kama ya duka la nyama, na bado nilikuwa nayatolea macho. Ila nakuomba kitu kimoja. Niue. Usinisafirishe, usinipoteze na ndege. Sheria ya michezo yetu unaijua: ambaye maiti yake haikuonekana hajafa, na ambaye hajafa atarudi siku moja na sura ya mtu mwingine. Nitakuja hata kwa kiti cha magurudumu nilale kwenye jeneza. Kulala bado naweza.

Shangazi yako,
Lenora


New York
20 Februari 1976

Shikamoo Shangazi,

Nyonga inasemaje? Mimi ni mzima wa mwili tu, maana roho imekaa upande tangu barua yako ifike. Nisamehe kwa kunyamaza. Kila nilipoanza kukuandikia nilikuwa najiona kama mtu anayemwandikia mwenye nyumba kwamba nyumba imeuzwa.

Uamuzi si wangu. Kipindi kinatoka nusu saa kuwa saa nzima, na Bwana Stroud, huyu mtayarishaji mpya, anasema saa nzima inataka vijana wanaobusiana, si wazee wanaokunywa chai. Wauza sabuni wanaotulipa wamekubaliana naye. Nilibishana mpaka akaniuliza kama nimechoka na kazi.

Lakini kukuua, Shangazi, sikuweza. Niliandika jeneza. Niliandika binti wa Judith akilia juu yake. Nikaichana karatasi nikaenda kunawa uso. Basi nimefanya hivi: Judith ameugua mapafu, amepelekwa Uswisi kwenye hewa safi. Binti yake atasoma barua yake Jumanne. Mlango nimeuacha wazi. Stroud hatakaa milele, na siku akiondoka nitakurudisha kwa ndege ya kwanza.

Mwanao,
Corinne


Zanesville
11 Mei 1976

Mwanangu Corinne,

Natumai unakula. Mimi natembea bila fimbo mpaka posta. Maua ya mama yako yamechanua peke yake, hakuna aliyeyaangalia.

Nilikasirika, nikuambie ukweli. Siku mbili sikuwasha televisheni. Halafu nikaenda kwa Wilma, na hebu sikia mambo ya watu. Mwanamke nisiyemjua katoa kichwa kwenye mashine ya kukaushia nywele, kaniangalia, kaita: "Judith! Umerudi lini kutoka Uswisi?" Saluni nzima ikageuka. Nikasema, "Nimekuja kuona nyumbani tu, mwenzangu. Mapafu bado." Na mkono ukaenda wenyewe kwenye kola ya gauni.

Weee! Walipiga kelele! Maana wanajua wote kwamba Judith akigusa kola, kinachofuata ni uongo. Wilma alicheka mpaka akaniunguza sikio. Mkono huo sikufundishwa na mwongozaji yeyote. Ni wa mama yangu, bibi yako. Alikuwa akigusa kola hivyohivyo kila akimwambia babu yako kwamba nyama imekwisha, nasi tunaijua iko wapi.

Kwa hiyo sasa kila Alhamisi nakwenda, wananiuliza habari za Uswisi, nawapa. Dakika zile nakuwa mtu. Labda ulifanya vyema kunibakiza hai. Ila niahidi: Judith akirudi, ni mimi. Mlango ulioachwa wazi haumchagui mgeni.

Shangazi yako, mgonjwa wa mapafu,
Lenora


New York
19 Desemba 1976

Shangazi mpendwa,

Heri ya Krismasi. Nimekutumia shali, uvae, usiihifadhi kabatini. Kazi ni nyingi. Saa nzima kila siku inameza maneno kama tanuru. Sitaweza kuja kwa sikukuu.

Uliniomba ahadi. Akirudi, ni wewe. Nimeandika.

Mwanao,
Corinne


New York
Ijumaa, 23 Septemba 1977

Shikamoo Shangazi,

Najua nimekaa kimya mno. Natumai barua hii inakukuta mzima, na natumai inakukuta kabla ya Jumatatu. Ningepiga simu, lakini nimenyanyua mkono wa simu mara kadhaa nikaurudisha. Naona haya kusikia sauti yako.

Watazamaji wametukimbia. Vijana wanabusiana na hakuna anayejali. Barua zinazokuja zote zinauliza jambo moja: Judith yuko wapi? Nilifurahi, Shangazi! Nikaenda kwa Stroud nikamwambia, si nilikwambia? Akasema, "Sawa, mrudishe." Nilikuwa tayari na kalamu ya kukuandikia. Halafu akasema amempata Audra Kell, aliyekuwa jukwaani Broadway, maneno hayamponyoki, nyonga nzima. Nikamwambia hapana. Akaniambia, "Hajafa, Corinne. Wewe mwenyewe hukumuua."

Nikarudi mezani nikaandika. Jumatatu Judith anarudi. Nisamehe.

Mwanao,
Corinne


Zanesville
6 Oktoba 1977

Corinne,

Sijambo. Barua yako ilifika Jumanne, siku moja baada ya Judith kurudi.

Jumatatu saa saba na nusu nilikuwa kwa Wilma. Alikuwa amebadilisha zamu za wateja wake ili wote tuwepo, kwa kuwa gazeti lilisema Judith anarudi, nao wakaamini ni mimi. Walidhani nimewaficha. Mmoja kaleta keki. Wakanikalisha mbele, televisheni ikaongezwa sauti. Mlango wa sebule yangu ya Bellmont ukafunguka, akaingia mwanamke na mkoba wangu wa safari, na ile sauti ya mtangazaji ikasema, "Nafasi ya Judith Carrow sasa inachezwa na Audra Kell."

Hakuna aliyeniangalia. Afadhali wangeniangalia. Wilma akasema, "Nani anataka keki?" Nikala keki.

Anajua kazi, huyo Audra. Sina neno naye, anatafuta riziki kama sote. Uso wauchukue, si wangu tena hata kwenye kioo. Jina nalo walilibuni wao. Lakini binti yake alipomuuliza kama amepona, akasema "Nimepona kabisa," na mkono ukapanda taratibu ukagusa kola.

Saluni nzima ikasema, "Ni yeye!"

Mwongozaji hakuujua mkono ule unatoka wapi. Stroud hakuujua. Ni nani aliyeuandika kwenye karatasi, Corinne? Mkono wa mama yangu umempa nani?

Lenora


New York
14 Oktoba 1977

Shangazi yangu,

Ni mimi. Niliandika, "Judith anagusa kola." Nilijua bila mkono ule hakuna atakayemwamini. Nilikuwa nafikiria tukio, sikukufikiria wewe. Katika kazi hii mtu anaokota kila kinachofanya kazi, hata kama kiko kwenye mwili wa mama yake. Nakuomba unijibu, hata kwa matusi.

Mwanao,
Corinne


New York
9 Januari 1978

Shikamoo Shangazi,

Heri ya mwaka mpya. Wilma ameniambia kwa simu kwamba huendi tena saluni, na kwamba moyo unakusumbua. Nimemwomba Stroud tumuue Judith sasa, mbele ya watu, na maiti. Amecheka. Anasema watazamaji wamerudi, nani anaua kuku anayetaga?

Nitakuja Pasaka ukiniruhusu. Sema neno.

Mwanao,
Corinne


Zanesville
17 Aprili 1978

Mwanangu Corinne,

Pasaka ilipita, hukuja, nami sikukwambia uje. Tumelingana.

Moyo ni kweli. Daktari ananiongelesha kwa upole, na mimi nimecheza matukio ya hospitali ya kutosha kujua upole huo una maana gani. Nimechoka kukununia. Kinyongo ni kazi ya vijana wenye nyonga.

Nimefikiri sana. Ulinipenda, ndiyo maana hukuniua. Ungenipenda kidogo tu kuliko hapo, ungenizika vizuri. Sitaki kosa hilo lirudiwe, kwa hiyo sikiliza. Nikifa, nataka jeneza lifunguliwe, siku mbili nzima, pale kwa wazishi wa Mtaa wa Market. Nivalishwe gauni la buluu lenye kola. Wilma anitengeneze nywele. Waje wote wanione, wa saluni, wa kanisani, hata yule wa keki. Wanione kabisa, asije mtu huko New York akasema nimekwenda Uswisi.

Ukija, usilie sana. Ukilia pua yako inakuwa kubwa, kama ya baba yako.

Shangazi yako,
Lenora


Zanesville
8 Juni 1978

Shangazi,

Safari hii sikuulizi hali. Naandika hii kwenye chumba cha pembeni hapa kwa wazishi, na nikimaliza nitaikunja niiweke chini ya kiganja chako.

Nilikuwa najiandaa kuja. Nilikuwa najiandaa tangu Aprili. Kila wiki kulikuwa na harusi ya kuandika, au mtoto wa kuibwa, na mimi nikajiambia Shangazi yupo.

Jeneza limefunguliwa. Nywele ni nzuri. Wilma amezitengeneza mwenyewe akilia na kukugombeza. Wamekuja wote. Foleni ilifika nje. Mwanamke mmoja alisimama mbele yako muda mrefu, kisha akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye Judith wa kweli. Yule mwingine nilijua tu ni mwongo." Nilitamani ungemsikia. Ungemjibu, "Mapafu bado."

Stroud sikumshinda, wala sitamshinda. Judith atakuwepo Jumatatu, sebuleni, na chai yake. Lakini kabla sijapanda ndege nilipitia maandishi yote ya mwezi huu na kalamu nyekundu. Kila palipoandikwa "anagusa kola" nimepafuta. Audra alinifuata kwenye korido akauliza, "Nikidanganya sasa nifanye nini na mkono?" Nikamwambia auache chini, ule una mwenyewe.

Nimekuona, Shangazi. Siku zote mbili nimekaa hapa nikikuona.

Mwanao,
Corinne