Kwa Evenor Ñurinda, Aliyemwachia Mama Ubao wa Mirabaraba

Siku ile ya ubao wako, mjinga alikuwa baba mdogo Rutilio, na mwenyewe amekubali tuanze hivyo. Ni mwaka sasa, Baba, tangu randa yako inyamaze uani, na hadi leo mbao ikilia kwa jirani sote tunageuza shingo.

Mji wetu wa Masatepe umejaa maseremala, lakini ni wewe tu uliyemuuliza mwuza mbao habari za mwezi kabla ya kumjulia hali. Mti uliokatwa mwezi ukikua haukuvuka mlango wako; ulisema huliwa na wadudu. Penseli uliitafuta nyumba nzima, kumbe ipo sikioni. Kahawa yako ilipoa ikaingia unga wa mbao, nawe ukainywa ukisema imetiwa kiungo. Wajane uliwaungia miguu ya viti, na wakianza kushukuru uliwasha msumeno usiwasikie.

Ulipotutoka, kazi ya Mama ilikuwa bado mezani. Ulimwahidi ubao wa mirabaraba wa kutundika jikoni, wa kupendeza macho, si wa kukatia vitunguu. Ulikuwa umegundisha papi nyeusi za mti wa ñámbar na nyeupe za mti wa laureli, moja hii moja ile, kisha ukazikata kwa upana, kila kipande kikawa na rangi mbili zinazopokezana. Ilibaki kugeuza kipande kimoja kati ya kila viwili, kichwa kiwe mkiani, ili nyeusi ilale kando ya nyeupe, halafu gundi ya mwisho. Vya kugeuzwa ulivitia alama yako ya penseli juu na chini, ile tuliyoiita unyayo wa kuku.

Baba mdogo alitaka Mama aupate siku ya kumaliza novena yako, zile sala za siku tisa. Alijifungia karakanani, na kilio chake tulikisikia. Lakini Rutilio ni kinyozi. Hawezi kuvumilia doa. Alama zako alidhani ni uchafu. Akazifuta kwa msasa, akagundisha vipande kama vilivyolala, akauleta ubao jikoni umefunikwa taulo la kunyolea. Taulo lilipoondolewa, hapakuwa na mraba hata mmoja. Michirizi mitupu.

“Shemeji,” Mama akasema, “umenishonea godoro.”

Tulicheka, Baba, kwa mara ya kwanza tangu tutoke kukuzika. Kisha mwanao Marling akauliza zile nyayo za kuku ziko wapi, na kicheko kikatukauka. Baba mdogo alivitazama vidole vyake vyenye vumbi. Lile vumbi ndilo lililokuwa mwandiko wako wa mwisho.

Mama aliugeuza ubao taratibu. Upande wa chini, kwenye kona, msasa haukufika. Unyayo mmoja umepona.

Tangu hapo Rutilio hana raha. Kila Jumapili, nacatamal zetu za mahindi na nyama zikishaliwa, anaomba ruhusa aupasue ubao kwenye maungio, avigeuze vipande, uwe kama ulivyoutaka. Kwake huo si ubao tena, ni radhi anayokuomba. Lakini akishaupasua itabidi aupige randa pande zote mbili, na unyayo wako utaondoka na maranda.

Maranda yaliyo chini ya meza yako Mama hajayafagia. Tukishika ufagio anatutazama tu, tunaurudisha.

Tunaokulilia ni mkeo Socorro. Wanao Marling, Yadira na Denis. Wajukuu uliowachongea pia za kuchezea. Na mdogo wako Rutilio. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.

Leo, baada ya misa yako, ubao unatundikwa na michirizi yake. Asubuhi Rutilio alikuja tena, msumeno kwapani, akasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa.

“Shemeji, niruhusu. Utapata mirabaraba iliyolingana, kama alivyotaka kaka.”

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ule unyayo wa penseli.

“Mirabaraba iliyolingana imejaa sokoni, Rutilio. Mkono wake unauzwa duka gani?”