Magoti Yangu Mbele ya Wageni Wako

Mwanangu Kabula,

Shikamoo yako ya Jumapili niliipokea kwenye simu, nikaitikia marahaba, lakini lililokuwa moyoni sikukwambia. Nimeona niliandike. Usishangae kwamba watu wengine wanaisoma barua hii. Mwalimu wa kwaya yetu hapa Buseresere ameninyooshea maneno, maana mama yako aliishia darasa la nne, na mimi ndiye niliyemruhusu aitoe hadharani. Wewe ulinisema mbele za watu. Na mimi nakujibu hukohuko.

Umeniambia una mimba ya pili, nijiandae kuja kulea uzazi. Nikamshukuru Mungu. Halafu ukaongeza huku unacheka, "Ila mama, safari hii usije na vichekesho vyako." Nikaishusha simu mapajani. Wewe ukadhani mtandao umekata.

Ile safari ya kwanza nilitoka Mwanza na hofu, sikuwahi kupanda hata ndege ya kwenda Dar. Penye ukaguzi nikaambiwa nivue viatu. Nikavivua, nikavipanga ukutani kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu, nikaenda zangu peku. Binti mmoja akanikimbilia navyo mkononi. Nilimshukuru mpaka akaona aibu.

Nikafika huko kwenu Ulaya. Kwenye dirisha la pasipoti alikuwa amekaa mzee mwenye mvi, na mimi mtu mwenye mvi siwezi kumsalimia nimesimama kama nguzo, unajua nilivyolelewa. Nikapiga magoti. Kumbe dirisha lenyewe liko juu, nilipopiga magoti nikapotea machoni pake. Nikasikia kiti chake kimesukumwa, akachungulia chini, akapiga kelele. Watu wakaja mbio. Huyu ananishika mkono anasikiliza mapigo, yule ananilegeza kilemba. Nasema, "Jamani sijaanguka, nasalimia." Nani anaelewa? Wakanikalisha kwenye kiti cha magurudumu, na mimi nikatulia, nikasema labda mama wa mzazi ndivyo anavyopokelewa huku.

Tunasukumana hivyo, begi liko mapajani, akaja mbwa wa askari. Akanusa, akakaa chini mbele yangu, hataki kuondoka. Wakafungua. Samaki wakavu wakawachukua. Ile michembe, viazi nilivyokata na kuvianika mwenyewe juani, askari akashika kipande kimoja anakigeuzageuza. Nikachukua changu nikatafuna mbele yake ajue ni chakula, kisha nikamkaribisha. Askari akarudi nyuma. Aliyesogea ni mbwa.

Ndipo ukaniona natokea mlangoni nimesukumwa. Ukakimbia na lile tumbo lako kubwa, unalia, "Mama, wamekufanya nini?" Nikainuka, nikatembea. Ukasimama mdomo wazi. Ndani ya gari nikakusimulia yote, ukacheka mpaka ukashika tumbo. "Mama acha, nitajifungulia humu." Nikaendelea makusudi. Kabula, sijawahi kufurahi kuchekwa kama siku ile. Ulikuwa unamcheka mama yako huku umeniegemea bega, na ulijua kwa nini nilipiga magoti.

Limi akazaliwa. Nikakukanda maji ya moto, nikakupikia uji, usiku nikabeba mtoto ulale. Siku wageni wa kazini kwako walipokuja kumwona, ukanivuta jikoni. "Mama, leo usipige magoti. Huku hawazoei, wataona vibaya." Nikasema sawa, ni nyumba yako. Nikawapa mkono nimesimama wima, hata yule mama mzee kuliko mimi, na aibu ikanishika mpaka masikioni. Lakini nilitii.

Mkala, mkanywa. Ukaanza kuzungumza kwa lugha yenu, wote wanakusikiliza. Maneno sikuyajua. Niliijua mikono. Nikaona mtu anapanga viatu ukutani. Nikaona mtu anatafuna mchembe, macho ameyatoa. Na mimi nikacheka, kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka na sikutaka kuonekana nimenuna. Kisha ukainuka kwenye kiti chako, wewe uliyenikataza, ukapiga magoti katikati ya sebule, ukainamisha kichwa, ukasema "shikamoo" kwa sauti yangu. Wageni wakapiga makofi. Mkwe wangu peke yake aliangalia sahani yake.

Tangu uondoke nyumbani kwenda shule za mbali sijakuona umepiga magoti. Hukumpigia baba yako alipokuwa anaumwa, hukumpigia bibi yako aliyekulea. Tulisema basi, mtoto amesoma, mambo yamebadilika, tusimlazimishe. Ulikuja kuyapiga siku hiyo, ili watu wacheke.

Walipoondoka nilikuuliza wakati tunaosha vyombo.

"Ni utani tu, mama. Wanakupenda."

"Wananipenda au wananicheka?"

"Vyote viwili. Mama nawe, unakuwa kama mtoto."

Nikaendelea kuosha. Nilikaa kwako mpaka baridi ikaisha, wageni wakaja mara nyingi, na kila mara nilijua umefika wapi kwenye hadithi kwa kuangalia mikono yako. Hapa nyumbani wanawake wenzangu waliniuliza Ulaya kukoje. Nikasema kuzuri. Nikawasimulia habari ya yule mbwa, wakacheka. Ya sebuleni sikumwambia mtu, ili wasikuone vibaya ukija.

Sasa nakujibu uliloniuliza. Nitakuja. Nisipokuja nani atakukanda, na huko kwenu mzazi anaruhusiwa kutoka hospitali kesho yake anatembea kwenye baridi? Silali nikifikiria. Lakini sitakaa kama mara ile. Nitakaa mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Wageni wakija uniambie mapema, nitakuwa chumbani na mtoto, na usiniite kuwasalimia. Ukitaka kuwachekesha, uwachekeshe, mimi sitakuwepo kukusaidia kucheka. Kitovu kikidondoka, unikatie tiketi nirudi, hata kama Limi atalia akinishika gauni.

Kula vizuri. Usibebe vitu vizito, na usipande zile ngazi zenu haraka.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako