Kidude cha Kumfukuza Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji Sikio anakuja tena. Jumamosi ya wiki ijayo. Mume wangu kaniambia huku ameinama anafunga viatu, ili asinitazame usoni. Ati kinanda kimeanza kupoteza sauti na kaka yake ndiye pekee wa kukirudisha.

Kinanda hicho, cha mabomba kama vile vya kanisani, kimekula nusu ya sebule, mabomba mpaka dari – mengine mazito ya mbao, mengine ya bati, membamba kama vidole. Mume wangu alikiunda mwenyewe kabla hajanioa. Sina ugomvi na kinanda. Ugomvi wangu ni na fundi wake! Anakuja kwa siku mbili, anakaa wiki tatu. Kochi langu linakuwa kitanda chake. Anazima friji ili asikie vizuri – safari iliyopita maziwa yaliharibika. Na kupika marufuku, kwa sababu joto likipanda, mabomba nayo yanapandisha sauti. Tulikula mkate mkavu, watu wazima na akili zetu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa yake!

Nilikuwa namsuka mteja, mwalimu wa kwaya, nikimlilia shida zangu. Akasema siku hizi kuna kidude cha umeme: unabonyeza noti, chenyewe kinakuambia imepanda au imeshuka. Hata asiyejua muziki anaweza. Nusura nimng'oe nywele kwa furaha.

Mchana nikakimbia duka la vyombo vya muziki. Vipo vya kubana kama kibanio cha nguo, vipo vya mshale, vipo vya taa. Muuzaji akauliza nataka cha gitaa au cha nini. Nikamwambia cha shemeji. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeanza na programu ya simu, ya bure. Ikaonyesha noti kabla sijagusa kitu. Kumbe inasikiliza friji! Friji yetu inaimba noti moja kutwa nzima, na hata hiyo imeshuka kidogo.

Muuzaji kaniazima cha kubana, nikijaribu. Nimekibana kwenye bomba – kimya. Kinataka kitu kinachotetemeka, na bomba linaimba kwa hewa tu. Nikakibana kwenye sikio la mume wangu akiimba puani wimbo wake wa kunyolea ndevu. Kikawaka! Tumecheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

Lakini nilipomwambia basi tuchague kingine, akanuna. Cha mshale hakishiki mabomba madogo. Cha taa kitakufa betri. Cha simu kinadanganya. Huyu mtu si wa kuchagua-chagua kiasi hicho – mimi alinichagua kwenye foleni ya benki, kabla hatujafika dirishani.

Jumanne, 11 Machi

Nimenunua cha taa. Bila kuuliza mtu. Kijani ni sawa, nyekundu ni kosa, na kinashika mpaka bomba la mwisho kabisa, lile linalopiga mluzi.

Nimemwonyesha jioni. Nilidhani atafurahi. Akakigeuzageuza mkononi, akaniomba nikifiche mpaka kaka yake aondoke. Nikamwuliza, unamwogopa? Akasema hapana. Halafu akasema, "Kaka ndiye aliyenifundisha kusikia." Basi. Akaenda kulala na njaa yake.

Kidude nimekitia kwenye kopo la majani ya chai. Lakini sijasema sitakitumia!

Jumamosi, 15 Machi

Amefika. Begi kubwa – mwenyewe nimelibeba, najua uzito wa wiki tatu. Friji imezimwa saa hiyo hiyo.

Amefanya kazi kutwa. Macho kafumba, anagonga vikofia vya kurekebishia sauti ya mabomba kwa kijiti, juu kidogo, chini kidogo. Mimi nyuma ya pazia la jikoni na kidude changu. Mabomba makubwa: kijani, kijani. Ya kati: kijani. Nikaanza kukata tamaa. Tukafika kwenye madogo – nyekundu! Nyekundu mpaka mwisho! Nimejiziba mdomo nisipige vigelegele. Kesho mezani nakiweka mbele yake, kati ya mkate na siagi, tuone.

Jumapili, 16 Machi

Sijakiweka.

Asubuhi Sikio alikuwa anaoga. Nikamkuta mume wangu na kitambaa, anafuta vumbi kwenye mabomba madogo. Kila kaka yake akishamaliza kazi, yeye hufuta vumbi. Miaka yote nimemsifia kwa usafi! Leo nimesimama nikatazama. Kitambaa mkono mmoja, kijiti mkono wa pili. Anagonga vikofia, taratibu, sikio ubavuni mwa bomba.

Aliponiona alitikisa kichwa, nisiseme. Nimejisikia vibaya. Mezani Sikio alijisifu mabomba madogo yametulia vizuri safari hii. Nikampa kipande kikubwa cha mkate.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika jikoni, haraka.

Mume wangu yuko kazini. Sikio alitaka chai – ya maji ya chupa ya jana, niliyochemshiwa kwa jirani – akafungua kopo. Akatoka nacho kidude kiganjani. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakukasirika. Aliuliza tu kama kinasikia vizuri. Nikasema kinasikia.

Akaniomba nikae kwenye kinanda, nibonyeze kuanzia chini, nimwambie taa. Akafumba macho. "Hiyo sawa," anasema, na kweli kijani. Sawa, kijani. Tukapanda hivyo hivyo, mwenyewe anatabasamu, nami nikaanza kumwombea – mimi!

Tukafika bomba la mwisho. Nikabonyeza. Likapiga mluzi mpaka meno yakaniuma. Taa ikawaka kijani, kazi ya kitambaa. Yeye kafumba macho, anangoja.

"Bonyeza, shemeji."

Kidole kilikuwa kimezama kwenye kibonyezo. Nikakiinua polepole.

"Sijabonyeza bado," nikasema. "Ngoja kwanza, nikaangalie chungu jikoni, kisije kikaungua."

Moto alikataza mwenyewe tangu Jumamosi. Hakuna chungu. Namwona kupitia pazia, bado kafumba macho, mikono magotini. Hajauliza chungu gani.