Mbwa Wako Sasa Ameandikwa kwa Jina Langu

Baba Dorotea,

Umefanya vibaya. Mtu mzima kifua kimembana, anajua haponi, anamgawia mdogo wake mkuki, anagawa panga, anagawa mpaka kigoda cha kukalia, halafu mbwa anamwacha bila neno? Hata nusu neno? Bavuge wako hukumwachia mtu. Umelala zako, na mimi huku mbwa wako amenifikisha mbele ya serikali.

Naandika kwa mkono wangu, usidhani nimemtuma mtu. Tumefundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Mistari yangu inapanda mlima, iache ipande.

Kwanza ujue kilimani hatupo tena. Ulipomaliza mwaka kaburini yalikuja malori, tukaambiwa wote tushuke, tukae kijijini, kando ya barabara ya Busunzu. Migomba yako tumeiacha imesimama na mikungu yake. Hapa nyumba zimepangwa kama watoto wa shule mstarini. Nikipiga chafya, jirani ananiombea afya. Kule juu mgeni alikuwa anaanza kupiga kelele tangu kijitoni, "Mshikeni mbwa, nakuja!" Hapa watu wanapita mlangoni tangu asubuhi, na kwa Bavuge kila apitaye ni mwizi wa mihogo.

Basi ukaitishwa mkutano. Katibu wa kijiji akasoma sheria: mbwa afungwe mchana, mbwa achomwe sindano ya kichaa, mbwa awe na mwenyewe daftarini, na asiye na mwenyewe apigwe risasi. Mimi nilicheka kwa sauti. Mbwa wa kuwinda afungwe kamba kama mbuzi! Wewe ulimfunga kengele ya mti shingoni, ukaiziba kwa nyasi mpaka mnyama aonekane. Kamba hakuijua.

Karani akapita nyumba kwa nyumba na daftari. Kijana wa kutoka mbali, hajui mila za watu. Akaniuliza, "Bibi, mbwa wa nani huyu?" Unajua kwetu mwanamke hasemi mbwa wa kuwinda ni wake. Anampa ugali, basi. Hamwiti kwenda porini, hagusi kengele yake, hapulizi pembe yake. Nikamjibu, "Ni wa Ntakije." Miaka yote ya ndoa sikulitaja jina lako, siku hiyo nikalitaja. Akaandika. Hakuniuliza kama upo hai, na mimi sikumwambia. Nikamtazama akiandika, nikafurahi moyoni. Nikasema, haya, mzee wangu yumo kwenye daftari la serikali, atakaa humo.

Huo ndio upumbavu wangu. Nausema mwenyewe kabla hujausikia kwa wengine.

Siku ya sindano bwana mifugo alikuja na sanduku lake, akasoma majina. Kila mtu akaitwa, akaitika, akaleta mbwa wake. Akasoma, "Ntakije." Nilikuwa pale pale, nimesimama na kitenge changu kizuri. Kuitika jina la mume aliyekufa? Nilifunga mdomo. Akaandika hakufika, akaendelea. Bavuge akarudi nyumbani bila sindano, na mimi nikarudi na kiburi changu.

Kumfunga nilimfunga, siwezi kusema uongo. Siku nyingine nikamfungua. Alikuwa anaelekeza pua kilimani, analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, nikashindwa. Siku niliyomfungua ndiyo siku Anastazia alikuja kuomba kaa la moto. Humjui. Ni Mrundi, alivuka na wakimbizi, ameolewa na fundi viatu wa nyumba ya pili. Mama mzuri, ana mimba kubwa. Mbwa wako alimshika nyuma ya mguu, hapa penye nyama, akaachia, akakimbia moja kwa moja kuelekea kwako.

Mkutano uliitishwa kesho yake. Mwenyekiti akafungua daftari akaita, "Ntakije!" Akaita tena, "Ntakije!" Mzee Gwimo, yule uliyekuwa unamnyima nyama ya shingo, akasema, "Mwiteni kwa nguvu, mlango wake ni wa udongo." Watu wakaangua kicheko. Nilikaa nimeinamisha kichwa nachuma nyasi. Ndiyo, mimi, ambaye siogopi mtu.

Hakucheka Anastazia. Alisimama na mguu wake umefungwa kitambaa, akanitazama mimi, si mwenyekiti. Akasema, "Mama, kwetu nilikimbia bunduki. Nimefika huku, naumwa na mbwa wa marehemu. Sasa nimdai nani?"

Baba Dorotea, hapo nyasi nikaziacha. Nikasimama. Nikasema, "Mbwa ni wangu. Mwenyewe ni mimi." Gwimo akaguna. Nikamwambia, "Guna, ukimaliza niambie." Karani akafuta jina lako kwa wino mpaka karatasi ikatoboka, akaandika langu. Iliniuma, lakini nilistahili.

Bwana mifugo akanieleza taratibu, kwa adabu, nikaelewa. Mbwa aliyeuma mtu afungwe, atazamwe siku kumi. Akimaliza siku kumi mzima, hakuwa na kichaa, na mama wa watu amepona. Akifa katikati, au akipotea, lazima Anastazia aende hospitali ya Kibondo achomwe sindano za tumboni, moja kila siku, nyingi. Za tumboni, na tumbo lenyewe lina mtoto! Akanipa mpaka jioni ile nimlete. La sivyo mgambo wapande na bunduki.

Nikapanda mwenyewe. Magoti yalilia, nikayafokea. Nilimkuta juu yako, amejikunja kwenye udongo wako, migomba imeshakuwa pori. Nikamwita. Akanitazama kwa jicho moja, akalifumba. Nikamtupia ugali. Hakuinuka. Nikamtukana yeye, nikakutukana na wewe, ulisikia. Jua linashuka, na mimi namwaza yule mama.

Ndipo nikaingia kwenye nyumba yetu iliyobaki ukuta, nikaitoa pembe yako pale ulipoichomeka juu ya mlango, hakuna aliyethubutu kuihamisha. Nikapuliza. Ndiyo. Mke wako amepuliza pembe ya kuwinda. Mara ya kwanza ilitoka kama mbuzi aliyekabwa. Mara ya pili ikatoka vizuri kuliko nilivyotaka. Bavuge alisimama, akatikisa udongo mgongoni, akaja akasimama mbele yangu, anasubiri kuelekezwa porini. Nikamtia kamba. Tukashuka wote wawili tumeinama. Kama ni kosa, nitajibu tukionana. Sijutii.

Leo ni siku ya nane. Amefungwa hapa kwenye nguzo, na mimi nimekaa karibu yake na karatasi hii. Naandika mstari, nainuka, namtazama mdomo kama unatoa povu. Nakaa, nainuka. Maharage yameungua mara mbili wiki hii. Anastazia anapita kila asubuhi, anasimama mbali, anauliza, "Mama, anaendeleaje?" Nami namjibu, "Anakunywa maji." Maji anakunywa kweli. Bwana mifugo amesema akinywa maji ni dalili njema, mwenye kichaa maji yanamshinda. Hana povu, hana ukali. Jana amemlamba mkono karani.

Lakini chakula hali. Tangu juzi hali. Ugali, hali. Nimemwekea dagaa wa Kigoma, wale wenye chumvi, amegeuza shingo. Pua yake kilimani tu, mchana kutwa. Mbavu nazihesabu. Majirani wanasema ugonjwa umeanza. Mimi najua mbwa mgonjwa na najua mbwa anayeitwa.

Sasa nisikilize, maana sijawahi kukuomba na leo pia sikuombi. Akifa kabla ya keshokutwa, hakuna atakayesema alikufa kwa kukutaka wewe. Watasema kichaa, na watakuwa na haki ya kusema, na yule mama atapandishwa lori aende kuchomwa tumbo na mtoto wake ndani, kwa ajili ya mbwa wako na mdomo wangu. Hilo sitalikubali. Mimi nimetimiza upande wangu: nimemtaja kuwa wangu, nimemfunga, nitamlisha, sindano atachomwa nikiwa nimeshika shingo yake, na yeyote atakayeumwa naye aje kwangu. Nakuahidi hilo, na unajua nikiahidi.

Kwaheri, mzee wangu. Nitakuja kukupalilia mvua zikikata, nitakuja peke yangu.

Wewe acha kumwita. Mwambie ale.

Mama Dorotea