Shamba la Parachichi Halikuwa na Hasara

Kamwene, Baba.

Shamba hatujaliuza. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Baada ya matanga, Baba Mdogo alituketisha sebuleni hapa Igowole. Akasema kwa upole, "Shemeji, parachichi zinakula hela kila mwaka. Tuuze shamba, Tumaini amalize chuo." Mama aliinamisha kichwa. Mdogo wangu Tumaini alianza kulia. Mimi nikaomba wiki mbili.

Nilichukua madaftari yako. Baba, uliandika kila kitu, ila vyote kwenye safu moja: mbolea, sukari, vibarua, michango ya harusi, dawa za Mama. Niliviingiza kwenye lile faili langu la maandishi matupu, lisilo na majedwali, ulilolicheka: "Kompyuta yote hiyo, halafu mbona kama barua?" Kila mstari nikaupa kundi lake. Shamba, mbolea. Nyumba, chakula. Ukoo, michango. Mwandiko wako uliponishinda nilimwita Mama. Mahali fulani uliandika kunihusu mimi, "Viatu vya Upendo, asijue bei." Siku hiyo nilifunga kompyuta. Sikuweza, Baba.

Nilipojumlisha kila kundi peke yake, niliona. Shamba halikuwa na hasara hata mwaka mmoja. Lilikuwa linatulisha wote, nasi tukalitwisha lawama za sukari tuliyokunywa wenyewe.

Nilimsomea Baba Mdogo mstari kwa mstari. Akasema, "Kumbe kaka alikuwa anatubeba na hasemi." Tangu hapo vibarua anawasimamia yeye mwenyewe, na hataki malipo.

Sasa tuna bajeti. Mwezi ukianza tunagawa mafungu kwanza, ndipo tunatumia. Nilitaka kupunguza fungu la wageni, Mama akakataa, akakutaja wewe: "Nyumba ya mwalimu haikosi chai." Nikapunguza vocha zangu. Tumaini amebakiza muhula mmoja tu.

Bado kuna asubuhi naamka nikidhani nasikia kikohozi chako uani. Lakini Jumapili hii, tuliporudi kanisani, Mama alivuta kiti akaniambia nimfundishe. Kwa kidole kimoja, polepole, akafungua kundi lake la kwanza: Miche mipya.

Lala salama, Baba. Nakuahidi hela ya shamba na ya nyumba hazitachanganyika tena, na nikikosea nitaandika kosa langu kama lilivyo.

Binti yako,
Upendo